Manispaa ya Malindi na ya Lamu kushirikiana kwenye samaki: tuanzie wapi, na nani atie sahihi?

Mjumbe_Malindi

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa wenye kuyajua mambo ya kaunti na manispaa.

Wafanyabiashara wa samaki wa Malindi na wenzao wa Lamu wanataka manispaa hizi mbili zishikane mikono kwa mambo matatu. La kwanza ni mtambo wa barafu na chumba cha baridi, utumiwe na bandari za Malindi na Ngomeni pamoja na samaki wanaotoka Kizingitini, Faza na Lamu mjini kuja huku na kwenda Mombasa. La pili ni ushuru wa njiani: tenga lile lile lisilipiwe mara mbili, mara tatu. La tatu ni utalii, Malindi na Lamu zitangazwe kuwa safari moja badala ya kunyang'anyana wageni.

Kuna rasimu ya hati ya maelewano, kurasa mbili, kwa majina ya manispaa zote mbili, na pa kutia sahihi pameachiwa mameneja wa manispaa. Nauliza: hati hiyo ina nguvu gani? Pesa zitoke mfuko gani na zigawanywe vipi? Mtambo uwe wapi na wa ukubwa gani? Na mipango ya namna hii huvunjikia wapi? Nipeni mambo ya kushikika, hotuba za "umoja ni nguvu" tumeshazisikia.

Karani_Mstaafu

Aleikum salaam. Hiyo rasimu iwekeni kando kwanza, kasoro yake iko pale pale penye sahihi.

Manispaa ya leo si ile ya kabla ya 2013. Baraza la Manispaa la Malindi la zamani, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, lilikuwa na madiwani wake na likitoza kodi za ardhi na leseni kwa jina lake. Ugatuzi ulipoingia, madaraka hayo yakaenda kaunti. Manispaa ya sasa huundwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, huongozwa na bodi na meneja, na hufanya kazi zile tu ambazo kaunti imeikabidhi. Fedha zake ni fungu ndani ya bajeti ya kaunti. Basi meneja akitia sahihi kwamba atatoa milioni kadhaa kila mwaka, ameahidi mali ambayo si yake, na mwaka wa pili hakuna wa kumdai.

Wanaoweza kufungana kwa pesa ni Kaunti ya Kilifi na Kaunti ya Lamu. Msingi wao ni Kifungu cha 189(2) cha Katiba, kinachosema serikali za kaunti zitashirikiana na zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 imeongeza utaratibu. Na mambo yenu yote matatu yamo katika Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, upande wa kaunti: uvuvi, masoko, leseni za biashara, utalii wa mahali. Hakuna haja ya kusubiri Nairobi ili muanze.

Namna ya kuandika: mkataba wa juu uwe wa kaunti kwa kaunti, upitie baraza la mawaziri wa kila kaunti na ufikishwe bunge la kaunti, kwa sababu ndilo linaloidhinisha matumizi. Chini yake pawe na kiambatisho kinachozitaja bodi za manispaa kuwa wasimamizi wa kila siku, kwa kazi walizokabidhiwa kwa maandishi. Chini yake tena kanuni za uendeshaji: saa za kufungua, bei, nani anashika funguo. Hizo kanuni bodi zinaweza kubadilisha zenyewe bila kurudi kwa magavana. Watu wengi huchanganya ngazi hizi tatu katika karatasi moja, halafu bei ya barafu ikitaka kupanda shilingi moja inabidi mkataba mzima ufunguliwe.

Mkataba wa juu usikose: mali ni ya nani, nani ananunua kwa niaba ya wote, mgawo wa gharama, jinsi ya kujitoa, na jinsi ya kusuluhisha ugomvi. Hili la mwisho watu hulinakili tu kutoka mikataba ya ujenzi. Sheria ya 2012 inataka serikali zijaribu kwanza kusikizana kwa nia njema kabla ya kwenda mahakamani, kwa hiyo andikeni hatua na siku: barua ya malalamiko, siku 14 za kujibu, siku 30 za kikao, ndipo msuluhishi.

Kujitoa kuwe kwa notisi ya miezi 12 inayoishia 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Mtu akijitoa Desemba anaacha bili bila fungu. Tena angalieni kalenda ya siasa: uchaguzi ni Agosti 2027. Mkataba utakaotiwa sahihi miezi michache kabla ya hapo, gavana mpya atauona ni wa mwenzake. Usipokuwa umeshaingia kwenye bajeti iliyopitishwa, hautamfunga.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo, kaunti sita, na inafaa kwa kuzungumza na wafadhili na serikali kuu. Kwa kuendesha mashine ya barafu ni kubwa mno. Msiipeleke huko.

Fundi_Baridi

Mimi najibu upande wa mtambo tu.

Kiasi cha barafu. Samaki aliyetoka maji ya nyuzi 28, kilo 10 zake zinahitaji karibu kilo 3 za barafu ili kushuka hadi sifuri. Hiyo ni hesabu ya fizikia, sanduku likiwa halipitishi joto hata kidogo. Kwa masanduku yetu na jua letu, kanuni ya kazi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na safari ndefu ongeza nusu. Lamu hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na kabla ya barabara kuna saa za mashua kutoka Kizingitini hadi Mokowe. Lori likilazwa njiani kwa sababu za usalama au gurudumu, ile nusu ya ziada ndiyo inayookoa mzigo.

Ukubwa. Msipime mtambo kwa samaki wa Januari. Kaskazi bahari imetulia na bandari zimejaa. Kusi ikikaza, madau mengi hayavuki mwamba. Mtambo mmoja wa tani 5 kwa siku utakuwa umelala miezi ya kusi na bado mkopo unadai. Nunueni mashine mbili za tani 2.5. Kusi inafanya kazi moja, nyingine inafunguliwa na kusafishwa, na siku moja ikifa wakati wa kaskazi hamkosi barafu kabisa.

Stima. Barafu ya chenga katika nchi za joto hula uniti 70 hadi 85 kwa tani. Ya matofali hula 55 hadi 70. Tani 5 za chenga basi ni uniti 350 hadi 425 kwa siku. Chukueni kwa mfano shilingi 25 kwa uniti (wekeni bei ya bili yenu wenyewe): ni kama shilingi 10,000 kwa siku, yaani shilingi 2 kwa kila kilo ya barafu, kabla ya maji, mishahara, dizeli ya jenereta na matengenezo. Anayewaahidi barafu ya shilingi 2 anawaahidi mtambo utakaofungwa. Chenga hupoza haraka na haimchubui samaki, lakini huyeyuka upesi. Matofali hukaa, yanafaa mashua za siku kadhaa, ila lazima yapondwe, na kuponda kwa nyundo juu ya sakafu ndiko kunakochafua barafu safi.

Maji. Tani 5 za barafu ni lita 5,000 za maji ya kunywa, na kuosha masanduku na sakafu kunakula kama lita 3,000 nyingine. Ndiyo maana mimi sikubali mtambo uwe kisiwani Lamu. Maji ya mji yanatoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na kuvuta zaidi ni kuita chumvi. Mashine ya kuchuja chumvi ipo, lakini inakula stima na inarudisha maji mengi yenye chumvi zaidi, na hayo nayo yatafutiwe pa kwenda.

Ushauri wangu: barafu itengenezwe karibu na pa kupakulia samaki, na chumba cha baridi kiwe karibu na pa kuuzia. Mashine moja Mokowe, penye gati na barabara. Ya pili upande wa Malindi au Ngomeni, pamoja na chumba cha kuhifadhi. Chumba cha samaki wa barafu ni nyuzi 0 hadi 2. Cha samaki wagumu, yaani waliogandishwa, ni 18 chini ya sifuri. Ni vyumba viwili tofauti. Kosa la kila mahali ni kununua kontena moja la kugandisha na kutia ndani samaki wenye joto. Kontena la kuhifadhi halikuundwa kugandisha; litapandisha joto usiku kucha na kuharibu hata waliokuwa wameshaganda.

Na chumvi ya hewa: mapezi ya kondensa (sehemu ya mashine inayotoa joto nje) yawe yamepakwa dawa ya kuzuia kutu, yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na mashine iwekwe mahali isipopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Wekeni kifaa cha kukata stima fezi moja, yaani laini moja kati ya tatu za umeme, ikipotea. Mwisho wa laini za stima volti hushuka jioni, na kompresa, pampu ya gesi ya mashine, inayoendelea kung'ang'ana kwa fezi mbili huungua mara moja.

Hesabu_Pwani

Karani kaeleza nani atie sahihi. Mimi naongeza pale pesa zinapokwama, na ni sehemu tatu.

Ya kwanza ni kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa Mkakati wa Kifedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka unaanza 1 Julai. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba unaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia bajeti ya ziada, na huko hukatwa wa kwanza. Lazima uwemo katika mpango wa Kilifi na wa Lamu mwaka ule ule, kwa jina lile lile na kiasi kinacholingana. Upande mmoja ukiandika "mtambo wa barafu" na wa pili "kuboresha soko la samaki", Mdhibiti wa Bajeti hana namna ya kujua ni kitu kimoja.

Ya pili ni ununuzi. Kamati ya pamoja haina afisa anayewajibika kwa fedha kisheria, kwa hiyo haiwezi kutangaza zabuni. Lazima kaunti moja iwe mnunuzi chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, nyingine ilipe sehemu yake kwa fungu lililotajwa katika bajeti yake. Wa pili awe na mtu kwenye kamati ya kupokea vifaa. Bila hivyo Lamu italipia mashine ambayo haijawahi kuiona ikiwashwa.

Ya tatu ndiyo inayoua mitambo ya umma, na hata kwenye mikutano ya wadau haitajwi. Kwa Kifungu cha 207 cha Katiba, mapato ya kaunti huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Mtambo ukiendeshwa na kaunti, pesa ya barafu ya leo inaenda mfukoni huko, na kuitoa inahitaji bajeti na idhini ya Mdhibiti. Kesho jenereta ikikosa dizeli, msimamizi ameuza barafu ya shilingi 30,000 na hana ruhusa ya kugusa hata mia. Watu husema mtambo umekufa kwa uzembe. Mara nyingi umekufa kwa sababu pesa yake haimrudii.

Njia za kutoka ni mbili. Kaunti inaweza kuunda mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake, chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Ni halali, lakini kwa kaunti mbili ni mifuko miwili na kanuni mbili. Njia ninayoipenda mimi ni kukodisha: mali ibaki ya kaunti, uendeshaji upewe chama cha ushirika cha wavuvi na wauzaji wa pande zote mbili kwa mkataba wa miaka 3 hadi 5. Mauzo ni ya ushirika. Kaunti inalipwa kodi ya pango. Mkataba uagize asilimia 10 ya mauzo iwekwe akaunti ya pekee kwa ajili ya kompresa, sahihi mbili, moja ya kila upande, na salio libandikwe ukutani kila mwezi.

Sasa mgawo wa gharama za kujenga. Msigawe nusu kwa nusu, na msigawe kwa idadi ya watu. Chukueni asilimia 30 mgawane sawa, maana kila mmoja ana kiti kimoja, na 70 mgawane kwa kilo za samaki wanaotua. Mfano wa kubuni, wa pande tatu: A tani 500, B tani 300, C tani 200. Ile 30 ni 10 kwa kila mmoja. Ile 70 inakuwa 35, 21 na 14. Jumla A 45, B 31, C 24.

Jambo la kufikiria mapema pia: samaki wa Lamu wakijaza chumba cha Malindi, maduka, hoteli na leseni mpya vitaota Malindi, na mapato yake yataingia Kilifi. Lamu wataliona hilo mwaka wa pili. Huko Marekani, jimbo la Minnesota, walilishughulikia kwa sheria ya 1971 kwa eneo la Minneapolis na Saint Paul: asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya mali za biashara zinazotozwa kodi hutiwa chungu kimoja na kugawanywa upya kwa miji yote ya eneo hilo. Nyinyi hamhitaji kitu kikubwa hivyo. Kodi ya pango ya kituo peke yake ikigawanywa kwa mgawo ule ule wa kujengea, manung'uniko mengi yatakuwa yamezibwa.

Bi_Tenga

Nyote mmesema vizuri, ila mmesahau aliye katikati. Lori likitoka Mokowe linapita Witu, linaingia Tana River, Garsen, Minjila, ndipo lifike Kilifi. Kilifi na Lamu wakikubaliana wao kwa wao, ushuru wa njiani haujatatuliwa, umeondolewa mguu mmoja kati ya mitatu. Na Kipini nako kuna samaki wa ghuba ile ile ya Ungwana. Tana River waitwe siku ya kwanza, wasiletewe karatasi iliyokwisha kuandikwa.

Hoja mnayo. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Lakini kifungu hakisimami kizuizini na karani mwenye kitabu cha risiti. Kinachosimama ni sentensi iliyomo katika Sheria ya Fedha ya kaunti ile. Basi kazi ni kupata sentensi moja, maneno yale yale, katika Sheria za Fedha za kaunti zote tatu: samaki waliolipiwa ushuru wa mazao kwenye bandari ya asili hawatozwi ushuru huo tena kwa muda wa saa 48.

Risiti iwe na namba ya gari, uzito kwa kilo, bandari, tarehe na saa. "Matenga 12" si uzito. Tenga la mtu na mtu halilingani, na karani atakwambia lako ni kubwa. Risiti isiyo na saa itatumika wiki nzima, na wa kwanza kulalamika watakuwa kaunti, na watakuwa na haki.

Tenganisheni pia ushuru na ada ya huduma. Ukifika soko la Malindi ukatumia meza, maji na choo, utalipa ada ya soko, hata kama ulilipa Lamu. Hiyo ni huduma nyingine. Mkiwaahidi watu "risiti moja basi", wataona wamedanganywa siku ya kwanza sokoni.

Makarani nao huwekewa kiwango cha kukusanya kwa siku. Kiwango kisiposhushwa pale kizuizini, karani atatafuta jina jingine la kutoza. Kila mwezi kaunti tatu zilinganishe: kilo zilizoandikwa bandarini na kilo zilizopita kizuizini. Tofauti ikizidi, tatizo ni bandari ipi na zamu ipi, itajulikana.

Nakuja kwako Hesabu, kaka yangu. Ukigawa gharama kwa kilo zinazotua, kila upande utaandika kilo chache. Bandari yenye kilo chache kwenye daftari inalipa kidogo. Umewapa sababu ya kuficha samaki.

Na tajiri mmemwacha nje. Mvuvi mwingi anapewa barafu, mafuta na nyavu kwa mkopo, naye sharti amuuzie huyo huyo kwa bei yake. Barafu ya bei wazi inamgusa tajiri pale pale anapomshikia mvuvi, kwa hiyo hatapiga kelele, atakuja alfajiri anunue barafu yote. Wekeni kanuni: kabla ya saa tatu asubuhi hakuna mnunuzi mmoja atakayezidi robo ya barafu ya siku hiyo, na mvuvi mwenye chombo anatangulia. Barafu iuzwe pia kwa kilo, si kwa gunia tu. Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, ananunua samaki kilo 5 au 10, gunia la barafu si la kwake, na yeye ndiye anayelisha mtaa mzima jioni.

Hesabu_Pwani

Hoja ya Bi Tenga ni nzito. Dawa yake ni kutotumia kilo za mwaka unaolipiwa. Chukueni wastani wa miaka 3 iliyokwisha kupita, mgawo ufungwe kwa miaka 5, na haki ya kutumia chumba ifuate mgawo ule ule. Atakayejipunguza kilo anajipunguza nafasi ya chumba. Kwa gharama za kila siku, mgawo ufuate barafu iliyouzwa kwa mizani, upande kwa upande. Hiyo haifichiki, kwa sababu mita ya stima inasema barafu kiasi gani ilitengenezwa.

Mwongoza_Wageni

La utalii kwa ufupi, maana hapa mnaweza kujifunga kwa mali ya watu. Magofu ya Gede, yaliyoandikwa urithi wa dunia 2024, na makumbusho ya Malindi na Lamu yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kaunti haiwezi kupunguza bei ya tikiti ambayo si yake. Mkitaka tikiti moja ya Gede, Malindi na mji wa kale wa Lamu (urithi wa dunia tangu 2001), basi Makavazi wawe upande wa mkataba.

Kilicho cha kaunti ni hiki: vibali vya biashara vya waongoza watalii na vyombo vya kubeba wageni, gati, usafi wa ufuo, alama za barabarani, kalenda ya sherehe. Anzeni na vibali. Mwongozaji wa Malindi akifika Lamu na wageni wake anaonekana mvamizi, na wa Lamu akija huku vivyo hivyo. Kubalianeni: mwenye kibali cha upande mmoja anaruhusiwa kuleta kundi, lakini ndani ya mji wa kale atembee na mwongozaji wa pale. Kila mtu anakula. Tangazo la pamoja kwenye maonyesho lije baadaye; ni rahisi na linapendeza kwenye picha, ndiyo sababu kila mtu huanzia hapo na kuishia hapo.

Mjumbe_Malindi

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Mawili yamebaki. Kati ya haya matatu tuanze na lipi? Na Tana River wakikataa?

Karani_Mstaafu

Anzeni na ushuru, kwa sababu haununui kitu. Mswada wa Fedha wa kila kaunti unapitishwa ndani ya siku 90 baada ya Sheria ya Matumizi ya bajeti, na lazima upitie vikao vya umma. Pelekeni maandishi, sentensi moja, saini za wafanyabiashara wa Lamu, Garsen na Malindi kwenye vikao vya kaunti zote tatu. Kusema kwa mdomo kunaandikwa "wananchi walitoa maoni" na yanaishia hapo.

Tana wakikataa, andikeni mkataba wa wawili wenye mlango wazi: kaunti jirani inaweza kujiunga kwa barua, kwa mgawo wa hesabu ile ile. Lori litalipa kwao mara moja, lakini litakuwa limepungukiwa malipo upande wa Kilifi. Wakiona wafanyabiashara wa Kipini wanaomba wafanyiwe kama wa Mokowe, wataingia wenyewe.

Halafu, kabla ya shilingi yoyote ya mtambo, ardhi. Bandari nyingi za wavuvi Pwani hazina hati, na kiwanja cha ufuoni kina wenyewe wanaojitokeza msingi ukishachimbwa. Ramani ya upimaji na barua ya kutengwa kwa matumizi ya umma ziambatishwe kwenye mkataba. Bila hizo, msitangaze zabuni.

Fundi_Baridi

Nami naongeza la mita, kwa vile Hesabu kaitaja. Msitegemee mita moja ya kampuni ya umeme pale mlangoni. Wekeni mita ndogo tatu: ya mashine ya barafu, ya chumba cha baridi, na ya taa na ofisi. Zisomwe kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ziandikwe kando ya kilo za barafu zilizouzwa. Uniti kwa tani zikipanda kutoka 80 hadi 110 ndani ya wiki mbili, ama kondensa imeziba chumvi, ama gesi imepungua, ama barafu inatoka mlango wa nyuma. Kwanza osheni kondensa, halafu pimeni gesi, kisha badilisheni kufuli.